Nimepewa kuongoza timu ya kuwarudishia wakulima fedha zao zilizoibwa, nimekwama. Naombeni ushauri

Binti wa Lukuledi
Habari za usiku wakuu. Mimi ni mtumishi wa halmashauri moja hapa mkoani Lindi, kada ya maendeleo ya jamii. Naandika nikiwa na wasiwasi, kwa hiyo mnisamehe nikirukaruka.

Viongozi wa AMCOS fulani, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, walikula fedha za wakulima wa korosho. Waliingiza wakulima hewa kwenye orodha ya malipo, wakulima halisi wakawa wanaambiwa "benki bado, njoo wiki ijayo". Kesi ikaenda, wakatiwa hatiani, mahakama ikaamuru walipe fidia, na mpaka sasa wamerejesha milioni 24. Wakulima wanadai milioni 60. Nimeandikiwa barua niwe mwenyekiti wa timu ya watu watano ya kuhakiki wadai na kupendekeza nani alipwe nini.

Wadai wako 187. Kati yao 112 wana kilo chini ya 200, na wote kwa pamoja wanadai milioni 17. Waliobaki 75 ndio wenye milioni 43. Swali langu ni hili: tugawe kwa uwiano, yaani kwa kila shilingi inayodaiwa mtu apate senti 40? Au tuwamalize wadogo kwanza, halafu wakubwa wagawane milioni 7 inayobaki?

Mimi naona uwiano ndio haki. Aliyeibiwa ni aliyeibiwa. Wajumbe wawili wanapinga, na mapendekezo yanatakiwa mezani Ijumaa. Silali.

Mzee Salfa
Pole mwanangu. Wadogo kwanza, wala usiumize kichwa. Mwenye kilo 80 ndiye aliyekopa dawa, akakopa unga, akamwambia mwenye duka "nikilipwa korosho nakuletea". Ukimpa senti 40 umemlipa mwenye duka tu, yeye anarudi nyumbani mikono mitupu.

Wakumbuke wa 2018, serikali ilipozinunua korosho zote kwa 3,300 kwa kilo na magari ya jeshi yakaja kuzibeba. Tulihakikiwa. Wenye zaidi ya kilo 1,500 walifuatwa mpaka shambani waonyeshe mikorosho yao. Mimi nilikuwa na 1,620, nikawatembeza mti kwa mti kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, na mguu wangu huu mbovu. Nililipwa, lakini ile Krismasi ilipita hivihivi.

Liwale Yetu
Nyinyi mna mtu wa kumdai. Sisi huku tembo wakishavuna mahindi unamshtaki nani? Nilijaza fomu ya kifuta jasho, nikangoja mpaka nikasahau. Siku malipo yanakuja afisa akatuambia waziwazi: hiki ni kifuta jasho, siyo fidia, msije mkapiga hesabu ya magunia. Kwenye kanuni za 2011 hata aliyefiwa na mtu kwa mnyama alifutwa machozi kwa milioni 1. Kwa hiyo dada, hao watu wako wakipata senti 40 kwa shilingi wamshukuru Mungu.

Wakili wa Chini ya Mwembe
Tuweke msingi kwanza. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, zinampa hakimu nguvu ya kumwamuru mhalifu amlipe fidia aliyemdhulumu. Lakini anayelipa ni mhalifu, kutoka mfukoni mwake. Akiwa ameshazila, umeshinda kesi na huna kitu.

Kuna nchi serikali yenyewe inabeba mzigo huo. New Zealand walipitisha sheria yao 1963, Uingereza wakaanza 1964. Umoja wa Mataifa 1985 ukazihimiza nchi zote: mhalifu akishindwa kulipa, dola ijitahidi kulipa, hasa kwa walioumizwa vibaya na familia za waliouawa. Majirani zetu Kenya walitunga sheria ya waathirika 2014 na ndani yake wakaweka mfuko. Sisi mfuko wa namna hiyo tunao kwa waathirika wa usafirishaji haramu wa binadamu, chini ya sheria ya 2008. Mkulima wa korosho hayumo. Hizo milioni 24 ndizo alizonazo, hakuna pengine pa kuchota, ndiyo maana kila shilingi unayompa mmoja umeitoa kwa mwingine. Hilo ulibebe kichwani ukienda mezani.

Shangazi wa Newala
Mdogo wangu, nimesoma mara mbili. Mtu hakosi usingizi kwa sababu ya hesabu za kugawanya. Hesabu ukishindwa unampa mwenzako akusaidie. Una nani kwenye hiyo orodha?

Binti wa Lukuledi
Shangazi, hilo halihusiani na swali. Hapa kwetu kila mtu ana ndugu kila kijiji. Ukisema asiwepo mwenye ndugu, timu itatoka mkoa mwingine.

Shangazi wa Newala
Sikuuliza kila mtu. Nimekuuliza wewe.

Pweza wa Mikindani
Ngoja nivute kigoda na bakuli la korosho za kukaanga. Hapa hatutoki mapema.

Binti wa Lukuledi
Sawa. Mama yangu yumo. Lakini ni mkulima kweli, shamba aliachiwa na bibi mzaa mama kabla mimi sijazaliwa, na kijiji kizima kinalijua. Amedhulumiwa kama wengine. Kwa sababu mimi nimesoma nikaajiriwa, yeye asilipwe? Mtaniambia nilifute jina la mama yangu mzazi?

Mzee Salfa
Hakuna aliyesema ulifute. Ana mikorosho mingapi, na anadai kilo ngapi?

Binti wa Lukuledi
Miti 40 na kidogo. Anadai kilo 1,140.

Mzee Salfa
Mwanangu, mimi nimezaliwa chini ya mkorosho. Mti wa urithi, mkubwa kuliko wewe, ukiupulizia salfa kwa wakati na kupalilia chini yake, utakupa kilo kumi. Ukibahatika sana, kumi na tano. Miti 40 haijawahi kutoa kilo 1,140 tangu dunia iumbwe.

Wakili wa Chini ya Mwembe
Na sasa ule uwiano unaeleweka. Tuchukue bei ya 1,900 kwa kilo. Mama anadai 2,166,000. Kwa senti 40 anapata 866,400. Wadogo wakimalizwa kwanza, hao 75 wanabaki na senti 16 hivi kwa shilingi, mama anapata kama 350,000. Dada, sikushutumu. Ila ulituuliza lipi ni haki huku ukijua lipi linaingiza zaidi nyumbani kwenu.

Binti wa Lukuledi
Naapa sikuanza kwa kupiga hesabu ya mama. Uwiano niliuamini kabla.

Basi niseme yote. Za mama mwenyewe zilikuwa 480. Hizo 660 ni za kaka yangu. Alinunua kwa watu kijijini mwezi wa nane, korosho zikiwa bado maua, zilipovunwa akazipitisha mizani kwa jina la mama kwa sababu yeye hakusajiliwa kuwa mkulima. Najua mtasema kangomba, kule kununua korosho za mtu kwa bei ya chini kabla hazijavunwa. Ndiyo, ni kangomba. Lakini alitoa pesa yake mwenyewe, aliuza pikipiki. Korosho zilikuwepo, zilipimwa, zilifika ghalani, mnunuzi alilipa, na zile hela zililiwa na walewale. Kaka naye hakuibiwa?

Na rasimu nimeshaiandaa kwa uwiano. Nakala laini nimemtumia mkurugenzi tangu Jumatatu. Jina la mama limo na kilo zote.

Chuma Chakavu
Samahani wakuu, hii ni chai. Angalieni: milioni 60, milioni 24, senti 40 kamili bila hata chenji. Namba gani za maisha zinakaa hivyo? Halafu mambo ya AMCOS ni ya afisa ushirika, tangu lini afisa maendeleo ya jamii akapewa uenyekiti? Tena kwanza ilikuwa swali la hesabu, akaja mama, sasa kaka na pikipiki. Kesho atatuletea mjomba. Huyu anatunga hadithi, sisi tunamsaidia kuandika.

Pweza wa Mikindani
Mimi nilianza kushangaa pale kaka alipouza pikipiki. Mtu wa kangomba huwa ananunua pikipiki, hauzi.

Kijana wa Mnazi Mmoja
Au ndiye mmoja wa waliofungwa, katoka anatafuta namna ya kusafisha jina lake. Tumewaona wengi.

Liwale Yetu
Hata kama ni chai, tuachieni tunywe. Habari ya mikorosho 40 ni ya kweli kwa nusu ya watu humu, tusijifanye hatuijui.

Binti wa Lukuledi
Namba nimezizungusha makusudi, msiitambue AMCOS na msimtambue mama yangu. Orodha halisi ina vipande vya senti mpaka macho yanauma.

Kuhusu ushirika: aliyekuwa anaikagua ile AMCOS ndiye aliyeulizwa maswali wakati wa kesi. Ilionekana siyo vizuri ahakiki mwenyewe kilichoharibika akiwa msimamizi. Ndipo barua ikaja kwangu.

Chuma Chakavu, ungekuwa umekaa na mimi siku ya kwanza ya uhakiki usingesema hadithi. Alikuja bibi na stakabadhi ameifunga kwenye ncha ya khanga, imelowa jasho, wino umeyeyuka, kilo hazisomeki. Akaniambia "mwanangu, soma wewe, unayo macho". Sikuweza kusoma. Hakuna mtu angeweza. Kitabu cha mizani cha mwezi ule ndicho walichokichoma. Ningetunga, ningetunga stakabadhi inayosomeka.

Chuma Chakavu
Nimekuelewa dada. Nimewahi kuona khanga ya hivyo. Naondoa neno.

Shangazi wa Newala
Turudi kwa huyo kaka. Mimi niliuza kangomba mwaka mmoja, sioni aibu kusema. Mtoto kafaulu kwenda kidato cha tano, ripoti anatakiwa Julai, korosho Oktoba. Hela ungeitoa wapi? Nikauza kilo 200 kwa nusu ya bei, juu ya mti. Msimu ulipofika yule kijana alisimama pembeni ya mizani, korosho zangu zikipita kwa jina la mtu mwingine, mimi nazitazama kama mgeni. Zingeibiwa ningesema nini mbele ya timu yako? Kwenye karatasi sijawahi kulima.

Ndiyo maana nakwambia, hizo kilo 660 zina wenyewe watatu. Yupo aliyelima, yupo aliyenunua, na yupo aliyeandikwa. Wewe umemwona aliyeandikwa kwa kuwa ni mama, na aliyenunua kwa kuwa ni kaka. Aliyelima hayumo hata kwenye maneno yako.

Kijana wa Mnazi Mmoja
Aliyelima aliuza kwa hiari yake, akapokea pesa. Ameibiwa nini?

Shangazi wa Newala
Njaa ya mwezi wa nane unaiita hiari?

Mzee Salfa
Tusigombane. Kangomba ni makosa, na kaka alilijua hilo, ndiyo maana akajificha kwenye jina la mama. Hawezi kujificha siku ya kuvuna halafu ajitokeze siku ya fidia.

Wakili wa Chini ya Mwembe
Dada, ushauri wangu ni wa karatasi tu. Kwanza, huo ni mgongano wa masilahi, unatamkwa kwa maandishi, siyo kwa mdomo kwenye korido. Andika barua leo, useme mdai namba fulani ni mama yako. Pili, usiishie kutoka nje wakati jina lake linajadiliwa. Ukishachagua uwiano umeshamgusa, kwa hiyo hilo nalo waamue wanne waliobaki. Tatu, ile nakala ya Jumatatu iombe irudi. Ukiiacha mpaka malipo yatoke, na wewe unajua kilo 660 si za mama, hapo tena si suala la kukosa usingizi. Ni Sura ya 16 ileile niliyoitaja juu.

Binti wa Lukuledi
Nikijitoa, anayefuata kwa cheo ni mmoja ambaye shemeji yake alikuwa karani wa mizani palepale. Nawaachia hao wakulima mtu wa namna gani? Angalau mimi nawaonea uchungu.

Wakili wa Chini ya Mwembe
Hilo nalo liandike kwenye barua hiyohiyo.

Pweza wa Mikindani
Dada, utani pembeni. Baba yangu alikufa anaidai AMCOS. Tulipokwenda kufuatilia tukaambiwa tulete msimamizi wa mirathi, tukaenda mahakama ya mwanzo, wajomba wakataka wao, baba wadogo wakataka wao, mpaka tunapata barua, orodha imefungwa. Yule aliyeifunga orodha sijui hata sura yake, ila huwa namfikiria. Hao marehemu wako kwenye 187 au umewaacha nje?

Binti wa Lukuledi
Wamo 14. Wajumbe walitaka wawekwe kando mpaka mirathi ikamilike. Nilikataa, sehemu yao itabaki imetengwa kwa majina yao. Hilo nililisimamia na sijutii.

*(siku mbili baadaye)*

Binti wa Lukuledi
Wakuu, barua nimeipeleka jana asubuhi, na rasimu nimeandika irudishwe. Mkurugenzi ameipokea, amesoma nikiwa nimesimama, akaniambia nisubiri. Hajanijibu mpaka sasa. Kaka nilimweleza kwa ujumbe, tangu hapo hapokei simu.

Jioni nilikwenda kwa mama. Niliogopa kumwambia kuliko nilivyoogopa ofisini. Alinyamaza, akaendelea kubangua, kisha akauliza: "Wale waliomuuzia kaka yako, unawajua?" Nikasema siwajui. Mama hajui kusoma wala kuandika. Akanitajia watu tisa, mmoja mmoja, na kilo zake, na kila mmoja alikuwa na shida gani mwezi ule. Nimewaandika nyuma ya daftari. Nimejumlisha mara tatu, inatoka 655. Amesema tano zilizobaki atazikumbuka.