Mazingaombwe ya karata kwa watazamaji walio karibu: namna ya kuufanya mkono usishukiwe

KijanaWaLangoni anauliza:

Assalaam alaykum. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa mazingaombwe ya karata, hasa yale yanayofanywa mbele ya watu wachache walioketi karibu, wala si ya jukwaani. Hapa Lamu watazamaji wangu ni jamaa na majirani wanaokutana barazani baada ya sala ya Isha, nao hukaa karibu kiasi cha kuweza kunyoosha mkono na kuigusa pakiti. Mchezo ninaoupenda ni ule wa karata inayopanda: mtu huchagua karata, tuseme ree ya kopa, mimi humwonyesha kwamba iko juu ya pakiti, kisha huiingiza katikati mbele ya macho yake, na ninapofunua ya juu anaikuta ree yake imerudi. Njia yake ninaijua, nayo ni kugeuza karata mbili zilizoshikamana kana kwamba ni moja, ili ile inayoingizwa katikati iwe nyingine kabisa. Nikiwa peke yangu mbele ya kioo sioni kasoro. Mbele ya watu, kabla sijafika mwisho, hakosekani anayesema, "Ziko mbili hizo," na baada ya hapo hakuna anayesikiliza maneno yangu tena. Wote hukodolea vidole.

Nauliza mambo mawili. Je, dawa yake ni kuongeza kasi ya mkono? Na mtu afanye nini watu wanapomtaka arudie mchezo ule ule pale pale?

FundiWaMkomani anajibu:

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Usiongeze kasi hata kidogo. Mtu aliyeketi hatua moja kutoka kwako hahitaji kuona vidole vimefanya nini ili akushuku. Inamtosha kuona kwamba mkono uliokuwa ukienda taratibu umeharakisha ghafla, au kwamba mabega yamekakamaa. Mtazame René Lavand wa Argentina (1928–2015), ambaye alipoteza mkono wa kulia akiwa na umri wa miaka 9, akafanya mazingaombwe ya karata maisha yake yote kwa mkono wa kushoto peke yake, na kilichompa sifa ni utaratibu wa mwendo wake. Kama kasi ingekuwa ndiyo siri, bwana yule asingemshangaza mtu yeyote.

Nionavyo mimi, kinachokutoa ni tofauti kati ya namna unavyogeuza karata moja na namna unavyogeuza mbili. Jichunguze. Usipokuwa na siri yoyote, na unataka tu kumwonyesha mtu karata ya juu, huenda unaisukuma kwa kidole gumba cha kushoto na kuipindua kwa kona yake, bila kujali. Inapofika zamu ya zile mbili, unazibana kwa ncha za vidole, mbele na nyuma, kwa kuchelea zisije zikaachana. Mtazamaji haijui mbinu yako, lakini macho yake yamekwisha kuuzoea mkono wa kwanza, na sasa anauona mkono mgeni. Kwa hiyo kinachotakiwa kubadilishwa ni ule mkono wa kawaida. Chagua namna moja ya kugeuza unayoiweza hata kwa karata mbili, kisha uitumie kwa kila karata unayoigeuza tangu unapoketi, hata zile zisizohusiana na mchezo: geuza saba ya shupaza, geuza tatu ya pau, huku mazungumzo yakiendelea, ili ifikapo ree ya kopa wote wawe wamekwisha kuridhika kwamba wewe ndivyo unavyogeuza karata.

Kisha kuna suala la wakati. Karata mbili hazitengwi pale pale unapotaka kuzigeuza, bali mapema, pakiti ikiwa imetulia mkononi karibu na tumbo. Mkono wa kulia unakuja juu ya pakiti kana kwamba unaisawazisha, kidole gumba chake kinainua kidogo ukingo wa nyuma wa karata mbili za juu, na nyama ya ncha ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto inaingia chini yake na kuushikilia mwanya mwembamba kabisa. Kidole gumba cha kushoto kinakandamiza kwa juu, ili upande wa mbele pakiti ionekane imefungana. Haya yote yafanyike huku ukimuuliza mwenye karata swali linalohitaji jibu, nawe ukimtazama usoni. Juan Tamariz, mwanamazingaombwe wa Hispania, ameeleza kwa kina nguvu ya macho ya mchezaji: watu hutazama anakotazama yeye, na anayetazamwa machoni huinua macho yake. Muuza kahawa hugonganisha vikombe vyake huku akizungumza na wateja, wala haviangalii. Nawe ishike pakiti hivyo hivyo. Ukiikodolea wewe, nao wataikodolea.

Na usiseme kamwe, "Hii ni karata moja tu." Mtu ambaye hakuwa amefikiria kuwa zaweza kuwa mbili, wewe ndiye utakayekuwa umemtia wazo hilo. Itaje kwa jina lake, ree ya kopa, uendelee.

MpitaNjiaShela anajibu:

Naongezea jambo la mahali pa kuketi, kwa sababu madaka ya nyumba zetu yana mabaraza mawili yanayotazamana, mlango ukiwa upande wa ndani, na mchezaji huzungukwa pasipo kujitambua. Kwa anayeshika pakiti kwa mkono wa kushoto, mwanya uko kulia na nyuma, kwa hiyo anayeuona ni yule aliyeketi kulia kwake, hasa mtoto ambaye macho yake yako usawa wa mkono wako. Aliye mbele yako haoni kitu. Kioo nacho kinakuonyesha upande wa mbele peke yake, na hiyo huenda ndiyo sababu ukajiona huna kasoro. Keti kwenye baraza lililo mkono wa kulia mtu anapoingia kutoka njiani, mwisho wake wa ndani, ili kulia kwako uwepo mlango na watu wote wawe kushoto na mbele. Taa isiwe nyuma ya pakiti, maana mwanya unaopitisha mwanga huonekana hata na aliye mbali. Badala ya kioo, mwombe mwenzako akurekodi kwa simu kutoka kulia kwako, simu ikiwa usawa wa goti.

BintiWaMkunguni anajibu:

Karata zenyewe pia ziangaliwe. Za karatasi hunyonya unyevu wa bahari, zikavimba na kupinda, na unapotaka mbili zikaja tatu zilizogandana. Za plastiki hazidhuriwi na unyevu lakini huteleza, zile mbili zikapishana kidogo na ukingo wa ya chini ukachungulia. Ukiwa unatumia hizo, pengine ndicho wanachokiona. Mimi napendelea za karatasi zenye mpako mzuri, zihifadhiwe ndani ya kopo linalofunga sawasawa, na mikono iwe imeoshwa na kukaushwa, kwa sababu mafuta ya mahamri huzigandisha kuliko unyevu wenyewe. Kama viganja vyako ni vidogo, tafuta zile nyembamba zenye upana wa milimita 57. Zile pana zina milimita 63, ingawa urefu wa zote ni milimita 88.

KijanaWaLangoni anajibu:

Nawashukuru nyote. Pakiti yangu ni ya plastiki, na mpwa wangu, ambaye ndiye mwenye kusema ziko mbili, hukaa kulia kwangu daima. Bado sijajibiwa kuhusu kurudia.

MzeeWaBarazani anajibu:

Mwanangu, kabla ya hilo nikuusie jambo moja. Katika mji wetu sema wazi mwanzoni kwamba huu ni ufundi wa mikono, si sihri wala ramli, na usikubali fedha iwekwe hata kwa masihara, kwa sababu karata zimehusishwa na kamari na ule ulaghai wa karata tatu. Kusema hivyo hakupunguzi mshangao. Kunawaondolea wazee wasiwasi, na mtu asiye na wasiwasi hukutazama usoni kuliko kukutazama vidole. Vilevile usimfanye mtu aonekane mjinga mbele ya wenzake, maana ukimwaibisha atakesha akiivizia mikono yako.

Ama kurudia, michezo mingi ya karata haifai kurudiwa, lakini wa karata inayopanda unavumilia, kwa sharti kwamba njia ibadilike. Harry Houdini, mwanamazingaombwe mashuhuri wa Marekani, alikuwa akijigamba kwamba akiuona mchezo mara tatu ataijua siri yake. Mwaka 1922, mjini Chicago, Dai Vernon wa Kanada alimfanyia mchezo wa namna hii kwa karata ambayo Houdini mwenyewe alikuwa ameitia alama kwa kalamu, akamrudia tena na tena, na Houdini hakuigundua.

Kwa hiyo mara ya kwanza tumia mbili kama moja. Mchezo ukiisha, ree ya kweli iko juu, peke yake, na pakiti haina siri yoyote. Wakikuambia urudie, kubali bila kusita, na umwombe mpwa wako, yule yule anayehesabu, aichukue ree kwa mkono wake mwenyewe, aigeuzegeuze, aonyeshe wote kwamba ni moja, kisha aanze kuiingiza katikati. Wewe malizia kuisukuma, na inapozama shika mwanya juu yake kwa kidole cha mwisho. Usifanye lolote kwa muda. Waache waulizane na kubishana, na wanapotazamana wao kwa wao, kata pakiti pale penye mwanya, taratibu, kama mtu asiyekuwa na haja ya kufika popote. Ree imekwisha kurudi juu. Usiifunue wewe. Iweke pakiti mkononi mwa mpwa wako, umwambie afunue, na baada ya hapo mwache aikague karata moja moja kwa kadiri apendavyo.