Tupeane uzoefu: maikrowevu imewahi kukufanyia nini?

Mwanzisha uzi: Wakuu, naanza mimi. Nilipasha kikombe cha maji ya chai dakika tatu. Kufungua, maji yametulia tuli, hakuna hata kiputo. Nikaona bado, nikaongeza dakika moja. Nilipotumbukiza kijiko, yote yalifoka kwa mpigo mmoja yakanimwagikia mkononi, kikombe kikabaki robo. Baadaye ndipo nikaelewa: kwenye sufuria viputo huanzia kwenye mikwaruzo midogo ya chini, lakini kikombe laini hakina mikwaruzo hiyo, kwa hiyo maji yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Yakiguswa tu, yanaruka. Siku hizi naweka kijiti cha mbao kikombeni kabla ya kuwasha, na yakishapata moto nayaacha kwanza yatulie mlemle ndani. Wewe yamekukuta yapi?

Mchangiaji 2: Pole sana mkuu. Mimi ni yai. Lilikuwa limechemshwa na kumenywa, nikajua la hatari ni lile lenye ganda. Mle ndani halikufanya kitu, lilisubiri nilichome kwa uma mezani. Kiini kilirukia kope. Tangu hapo yai la kuchemsha nakula baridi.

Mchangiaji 3: Nina mtoto mchanga. Chupa ya maziwa ilikuwa vuguvugu kwa nje, nikadondosha tone kwenye kiganja, sawa. Roho ikasita, nikaitikisa vizuri, nikadondosha tena: likaniunguza. Maziwa ya juu yalikuwa ya moto, ya chini ya baridi. Mama wenzangu, nawasihi, chupa ya mtoto isimamisheni kwenye bakuli la maji ya moto. Inachukua muda, ila joto linaenea sawasawa.

Mchangiaji 4: Sahani yenye mstari wa dhahabu ukingoni. Cheche mzunguko mzima. Ule mstari ni metali kweli, jamani.

Mchangiaji 5: Hilo la mama hapo juu liko hata kwenye kiporo. Pembeni kinaunguza ulimi, katikati baridi, na hapo katikati vijidudu vinabaki hai. Mimi nasimamisha nusu ya muda, nakoroga, naendelea hadi kitoe mvuke kila mahali. Nina kipimajoto cha jikoni, nataka kisome nyuzi 74. Mfuniko nauacha wazi upande mmoja, na kuufunua naanzia upande ulio mbali na uso.

Mchangiaji 6: Mkate uliwaka moto humo ndani, nikakimbilia kufungua mlango. Kosa kubwa! Moto ulipata hewa ukanifuata. Uache mlango umefungwa, zima, chomoa waya ukutani, usubiri ujizimie.

Mchangiaji 3: Mwanzisha uzi, mkono ulifanyaje?

Mwanzisha uzi: Nilivua pete kwanza, kabla vidole havijavimba, nikauweka chini ya bomba, maji ya kawaida yakitiririka, dakika 20 kamili nikitazama saa. Jirani alileta dawa ya meno anipake, nikakataa. Malengelenge yalitoka mawili tu, na sikuyatumbua.