Nilisema "sijui" kwenye funzo la Biblia, sasa natakiwa nijirekebishe Jumapili

Msomaji_Malaba: Habari zenu wakubwa. Naongoza funzo la akina baba kila Jumatano, hapa Malaba upande wa Uganda. Wiki hii tumemaliza Ayubu. Likaja swali: kondoo 7,000 walirudi 14,000, ngamia 3,000 wakawa 6,000, mbona watoto alipewa kumi tu, idadi ile ile ya waliokufa? Nikasema sijui, pengine kitabu chenyewe kimetuacha tushangae. Mzee mmoja wa kanisa akadakia: wale kumi wa kwanza wako hai mbinguni, jumlisha, ishirini. Amina zikapigwa, daftari zikafungwa. Sasa natakiwa nisimame Jumapili niseme nilipotosha watu. Nisimame?

MamaTororo: Simama, omba radhi, yaishe. Watu wametoka shambani wamechoka, wamekuja kuambiwa kitu. Kushangaa wanashangaa kwao bure.

Mnubi_wa_Bombo: Dada, polepole. Kwetu Surat al-Kahf inataja ubishi wa watu kuhusu vijana wa pangoni: watatu, watano au saba, na mbwa wao. Kisha inasema, Mola wangu ndiye ajuaye zaidi idadi yao. Nilipokuwa madrasa nikamuuliza ustadhi, "Kwa hiyo ni wangapi?" Nikala kiboko. Halafu akainama akaninong'oneza: saba.

Boda_Busia: Saba na mbwa, nauli ya wanane 😂

Mstaafu_Rukungiri: Wenye uhakika tuliwaona Kanungu, lile dhehebu la hapa Uganda lililotabiri mwisho wa dunia. Walisema mwisho ni 31 Desemba 1999. Dunia ikabaki palepale, tarehe ikasogezwa. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa liliteketea na mamia ya watu ndani. Jirani yangu mmoja alikuwa ameuza ng'ombe wote kwa bei ya kutupa, hata ndama. Nilimkatalia kununua, akanionea huruma, akaniambia nitabaki nao peke yangu.

MamaTororo: Pole mzee, lakini watoto ishirini wa Ayubu hawajamchoma mtu. Mwenye uzi, nani aliuliza hilo swali?

Msomaji_Malaba: Hilo linahusu nini? Swali ni swali.

MamaTororo: Linahusu. Sema.

Msomaji_Malaba: Shemeji yangu, mke wa kaka. Mwezi wa nane alimzika mwanawe wa pekee. Ndiyo maana sikutaka kumpa jibu la hesabu, angejua namdanganya. Na kusimama sisimami, jana nimeshamwandikia mchungaji kwamba naacha kuongoza.

Mnubi_wa_Bombo: Barua imeshafika, sasa sisi tukushauri nini ndugu yangu?

Boda_Busia: Ngojeni kwanza. Funzo la AKINA BABA, shemeji aliingilia wapi? Jamaa anatupigia hadithi.

Msomaji_Malaba: Tunasomea sebuleni kwa kaka. Alikuwa analeta chai, akasimama mlangoni na birika, akauliza.

Boda_Busia: Hilo birika umelitunga sasa hivi.

Mstaafu_Rukungiri: Kijana, hata Ayubu kuna wanaosema alitungwa. Tumekisoma tu.

MamaTororo: Nyamazeni. Mzee alipotoa jibu lake, shemeji alisemaje?

Msomaji_Malaba: Aliitikia amina. Kabla ya sisi wote.

MamaTororo: Na baadaye, wewe na yeye mkaongea nini?

Msomaji_Malaba: Sijakanyaga pale tangu siku ile.