Mrejesho: simu za kazi kwa mafundi wetu wa nje

Niliuliza kama inafaa kuwapa mafundi wetu wa majokofu simu na bando, badala ya kila mmoja kupitia ofisini Industrial Area, Nairobi, asubuhi kuchukua karatasi za kazi.

Tulizinunua, na faida kubwa imeonekana kwenye malipo. Zamani fundi akimaliza kazi Rongai, karatasi iliyosainiwa ilimfikia mhasibu siku kadhaa baadaye, na ankara ikachelewa. Sasa picha ya mashine na sahihi ya mteja hufika papo hapo, ankara inatoka fundi akiwa bado anafunga mkoba wake, na wengi hulipa kwa M-Pesa siku hiyo hiyo. Petroli pia imepungua: simu hutuonyesha kila fundi yuko wapi, kwa hiyo aliye Thika Road hatumwi tena Mombasa Road, upande mwingine wa jiji.

Mlionitahadharisha kuhusu kufuatilia hivyo mahali mafundi walipo, asanteni sana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu aelezwe ni taarifa gani zake zinakusanywa na kwa nini. Tuliketi na mafundi, tukakubaliana ufuatiliaji uzimwe kazi inapoisha. Naamini hilo ndilo lililowafanya wazipokee simu kwa moyo mmoja. Ni watu wazima, jioni ni yao.

Simu ikiibwa kwenye matatu, tunafuta kila kitu kwa mbali.