Msumeno wa reli kwa karakana ya Mtwara: ninunue vikorombwezo gani?

Kutoka Leicester

Ndugu zangu wa Kusini, habari za huko mliko. Kuna msumeno wa reli, yaani msumeno wa umeme wa bledi ya duara unaoteleza juu ya reli ya alumini, utakaotumwa kwa mpwa wangu aliye Chikongola, Mtwara, anatengeneza makabati ya plaiwudi na milango ya mninga. Dukani vikorombwezo ni vingi: reli fupi na ndefu, klampu, vipima upana, bledi za kila aina. Kipi ni cha lazima, na kipi kingoje?

Kutoka Coventry

Dada, kwanza soma kibandiko cha mashine. Huku Uingereza msumeno uleule huuzwa wa volti 110, wenye plagi ya njano, kwa ajili ya maeneo ya ujenzi, na wa volti 240. Umeme wa kwetu Tanzania ni volti 230. Ule wa 110 ukichomekwa moja kwa moja, mota inaungua.

Kisha fedha kubwa iende kwenye reli. Plaiwudi ni milimita 2440 kwa 1220. Reli ya 1400 inatosha kukata upana tu. Kupasua kwa urefu anahitaji kama 2700 au zaidi, maana msumeno lazima ukae vizuri juu ya reli kabla bledi haijagusa ubao, na utoke wote upande wa pili. Nunua mbili za 1400 pamoja na vyuma viwili vya kuungia.

Kwenye kiungo ndiko kosa huanzia. Vile vyuma havinyooshi reli vyenyewe. Aweke rula ndefu ya chuma ubavuni mwa reli zote mbili, aache mwanya wa kama milimita 1 kati ya ncha zake, kisha akaze skrubu kidogo kidogo, huku na huku. Akikaza kwa nguvu zote, skrubu inaisukuma alumini, reli inapinda pale pale na kila mkato unatoka na tumbo. Jaribio lake: akate vipande viwili kwa reli hiyo, azungushe kimoja, akutanishe kingo zilizokatwa. Mwanga ukipita, pengo analoliona ni kosa mara mbili.

Bledi zisipungue mbili. Ya meno 48 kwa plaiwudi, na ya meno 24 hivi kwa kupasua mninga. Akipasua mninga mnene kwa meno 48, nafasi kati ya meno zinajaa unga, bledi inapata moto na ukingo wa mbao unaungua ukawa mweusi. Tundu la katikati huwa milimita 20 kwa misumeno mingi ya aina hii. Kipenyo ni 160 au 165, fuata mashine.

Angalieni pia reli na msumeno vinapatana. Msumeno wa kampuni ya Makita hupita kwenye reli za Festool. Bosch na Mafell wanapatana wenyewe kwa wenyewe. DeWalt ana reli yake.

Kutoka Mtwara

Shikamooni wakubwa. Naongezea ya huku kwenye joto.

Ule ukanda wa mpira ukingoni mwa reli hukatwa na bledi yenyewe, na ukingo unaobaki ndio mstari wa kukatia. Asiukate kabla ya kufunga bledi atakayotumia na kukaza vidhibiti vya chini ya msumeno hadi usicheze kwenye reli. Akibadili bledi yenye unene tofauti, mstari hauaminiki tena. Gundi ya ukanda huachia reli zikikaa juani au karibu na bati, kwa hiyo leteni roli moja ya akiba. Kabla ya kubandika mpya, afute reli kwa spiriti.

Klampu mbili za kuingia kwenye mfereji wa chini ya reli ni za lazima. Vumbi la mninga likijaa kwenye mikanda ya mpira inayoshika ubao chini ya reli, reli inateleza katikati ya mkato. Vumbi hilo linabana kifua pia, basi tumeni barakoa na bomba la kufyonzea linaloingia kwenye mdomo wa mashine. Pimeni kipenyo kwanza.

Kina cha bledi: unene wa ubao, jumlisha milimita 5 za reli, na 3 za kutokeza chini. Chini alaze ubao chakavu.

Vipima upana vingoje. Vijiti viwili vya mbao vilivyokatwa pamoja kwa urefu mmoja, kimoja kila ncha ya reli, vinampa upana uleule kwa kila rafu.

Kutoka Leicester

Marahaba, asanteni sana. Kwa urefu wake reli zitakwenda kwa meli, hazifai kwenye begi la ndege. Naagiza reli mbili, vyuma vya kuungia, klampu, bledi mbili na roli ya ukanda.