Mita ya sumaku kwenye udongo: naweza kweli kuchora ramani ya shamba zima?

Ngosha_Misungwi
Habari wakuu, naomba msaada nimekwama. Niko kwenye utafiti wa masters, eneo langu ni mteremko mmoja huku Misungwi, juu kuna mawe ya granaiti na luseni (udongo wa kichanga), ukishuka unakuta itogolo (ule wenye tabaka gumu chini), af chini kabisa mbuga nyeusi tii ile ya kupasuka kiangazi. Hela ya labu inatosha sampo chache tu, sasa supavaiza anasema chuo kina mita ya sumaku ya kampuni ya Bartington, nizunguke nayo shamba zima nitoe ramani ya mfinyanzi, mboji na chuma. Mi sielewi, sumaku na mboji wapi na wapi? Kuna mtu kaitumia au ndo napotezewa muda?

jiwe_gumu
Hupotezewi muda mkuu, ila usitegemee mita ikwambie mboji ni asilimia ngapi. Inachopima ni saseptibiliti, yaani udongo unavyoitikia ukiuwekea uga mdogo wa sumaku, na karibu mwitikio wote unatoka kwenye vichembe vya magnetiti na maghemiti, yaani oksidi za chuma zenye sumaku kali, hata vikiwa kidogo mno. Kwa uzito uleule magnetiti inaitikia karibu mara elfu ya hematiti, oksidi ya chuma inayopaka udongo rangi nyekundu, ndo maana udongo unaweza kuwa mwekundu pyu na mita ikakaa kimya. Mchanga mweupe na maji vyenyewe vinasoma hasi kidogo.

Mfinyanzi na mboji vinaingia kwa mlango wa nyuma, vikipanda na kushuka pamoja na hivyo vichembe utaona uhusiano, visipopanda pamoja huna kitu. Mfaransa Le Borgne alionyesha mwaka 1955 kwamba udongo wa juu mara nyingi una sumaku kuliko wa chini yake, kwa sababu udongo wenyewe unatengeneza vichembe vidogo sana. Kuvijua pima sampo kwa masafa (frikwensi) mawili, 0.46 na 4.6 kHz, tofauti ya usomaji ikiwa chini ya 2% hakuna vya maana, ikifika 10% vimejaa.

MamaShamba
Samahanini mie ni afisa ugani sio mtu wa fizikia, lakini mkulima wa pamba anayetaka kujua aweke mbolea kiasi gani hiyo inamsaidia nini? Naona wasomi mnapenda mashine tu 😂

jiwe_gumu
Hahaha dada umenibana. Naitrojeni haionyeshi kabisa, tusidanganyane. Fosforasi kuna kaukweli, kule São Paulo Brazili kwenye mashamba ya miwa wamepata uhusiano kati ya saseptibiliti na jinsi udongo unavyong'ang'ania fosforasi, maana oksidi za chuma ndo zinaishika. Ila kule kuna udongo wa basalti, mwamba wa volkano, wenye chuma cha kutosha, sio granaiti ya Misungwi.

mzee_wa_katena
Mnaruka kitu muhimu hapa. Huo mteremko wa kijana ni katena, yaani mfuatano wa udongo unaobadilika kutoka juu hadi chini ya mteremko, na wazo lenyewe la katena lilizaliwa hapa hapa kwetu, mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne akiwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara miaka ya 1930. Chini kwenye mbuga maji yanatuama, hewa inaisha, bakteria wanatumia chuma badala ya oksijeni na magnetiti inayeyuka taratibu, kwa hiyo usomaji unashuka. Mi ningemshauri ramani yake aiite ramani ya maji yanavyotoka na kutuama, mpaka wa itogolo na mbuga utaupata vizuri kuliko kwa macho, na hilo MamaShamba ndo linamhusu mkulima wako, wapi apande pamba na wapi mpunga.

Ila angalia mwamba. Ukisogea upande wa Geita kuna mawe ya chuma yenye matabaka, kipande kidogo tu cha hayo kwenye udongo kinafunika kila kitu, usichanganye sehemu hizo mbili kwenye hesabu moja. Na waulize wazee wapi palikuwa na tanuri la mkaa au mji wa zamani, moto pamoja na mboji unageuza chuma kuwa magnetiti, utakuta namba inaruka katikati ya shamba ukadhani umegundua madini.

Ngosha_Misungwi
Asanteni sana aisee, sasa naelewa. Nipime kiangazi au masika? Na hizo sampo chache za labu nizichukue wapi?

jiwe_gumu
Zunguka na mita kwanza, labu baadaye. Chagua sampo kuanzia usomaji wa chini hadi wa juu, usizirundike sehemu moja, na zingine ziweke pembeni za kuijaribu ramani yako ikishaisha. Lile duara la mita, la sentimita 18.5, unaloliweka juu ya ardhi, linasoma hasa sentimita 6 za juu, kwa hiyo kata nyasi, sawazisha, libane vizuri, hewa ikipita katikati namba inashuka bure. Rudisha sifuri hewani kila mara, mita ikae kivulini, simu na panga viache mbali.

mzee_wa_katena
Kwenye mbuga iliyopasuka hilo duara halikai, hapo chimba sampo, kausha, chekecha milimita 2, jaza vikopo vya 10 cc, upime na usomaji uugawe kwa uzito wa sampo. Nenda kiangazi baada ya pamba kung'olewa. Mvua ikianza kwenye hiyo mbuga hata pikipiki haitoki.