Baga za kuku zinapasuka na kukauka, tatizo ni nini?

Wakuu, habari. Nusu kilo ya kidari cha kusaga, yai 1, vitunguu 2 vilivyosagwa. Nataka kitu chepesi kuliko ng'ombe, lakini nikigeuza zinapasuka, na ndani ni kavu mno.

Jibu: Kitunguu cha kusaga ndicho kinachokuangusha, kina maji mengi. Katakata nusu tu, tia chumvi kidogo, kamua kwa kitambaa. Yai achana nalo. Weka vijiko 4 vya chenga za mkate na kijiko kidogo 1 cha chumvi, kanda dakika 2 mpaka nyama inate vidoleni na kuvutika. Huko kunata ndiko kunakoishika baga.

Jibu: Kidari kitupu kina mafuta kidogo sana, ni rahisi kukauka. Changanya robo kilo ya kidari na robo ya paja lisilo na ngozi. Tafadhali usisage na ngozi, maana wepesi wote unaoutafuta utapotea hapo.

Jibu: Unene sentimita 2, friji nusu saa. Kikaango kipate moto wa wastani, weka baga, usiiguse dakika 5. Ikipata rangi itajiachia yenyewe. Ukiilazimisha mapema, inachanika. Usiikandamize kwa mwiko, unakamua mchuzi wake. Na kuku haliwi nusu mbichi: katikati ifike nyuzi 74.

Muuliza: Asanteni. Paja nilikuwa nalitupia kwenye mchuzi tu!